Somo la Tisa: Mishipa Inayoziba Kimya Kimya

Ndugu msomaji, soma kwanza habari hii. Isome polepole. Kisha tutajifunza pamoja.

Habari ya fundi wa baiskeli

Katika kijiji kimoja palikuwa na fundi wa baiskeli. Umri wake ulikuwa miaka 56. Alikuwa mtu wa nguvu. Asubuhi alilima, mchana alitengeneza baiskeli chini ya mwembe.

Siku moja alikwenda zahanati kutibiwa kidonda cha mguu. Mganga wa zahanati alimpima presha. Ilikuwa 170 kwa 100. Fundi alishangaa, maana hakuumwa kichwa wala kifua. Alipewa vidonge, kisha akapelekwa hospitali ya wilaya. Huko damu yake ilipimwa. Ilionekana ina mafuta mengi kupita kiasi. Akaongezewa kidonge kimoja cha kumeza kila usiku.

Fundi alimeza dawa miezi mitatu. Alipoona mwili wake hauna tatizo, akaacha. Vidonge vilivyobaki alivitia katika bahasha, akaichomeka chini ya makuti ya paa.

Mkewe alimwuliza, "Baba, mbona siku hizi huendi kuchukua dawa?"

Fundi akajibu, "Mama, mimi siumwi. Dawa ni ya mgonjwa."

Mwaka mmoja ulipita. Asubuhi moja, kama saa moja hivi, fundi alikuwa akiziba pancha. Spana ilimponyoka. Aliinama kuiokota, lakini mkono wa kulia ukakataa. Mdomo ukaenda upande. Alitaka kumwita mkewe, maneno yakatoka kama ya mlevi.

Majirani walikusanyika. Mmoja alisema, "Amepigwa na upepo mbaya." Mwingine akasema, "Huyu ametupiwa jini." Walimpa uji, akapaliwa. Walimpeleka kwa mganga wa kienyeji, akachanjwa chale. Ilipofika saa tisa alasiri, ndipo walipotafuta gari la kwenda hospitali.

Fundi hakufa. Lakini mkono wake haukupata tena nguvu ya kushika spana. Sasa anakaa kwenye kiti chini ya mwembe na kuelekeza kwa mdomo. Mwanawe ndiye anayeziba pancha.

Fundi hakutupiwa jini. Alipata kiharusi. Tuone sasa kiharusi hutokeaje, na tunaweza kufanya nini kabla hakijafika.

1. Kiharusi ni nini?

Ubongo ndio unaoamuru mkono ushike na mguu utembee. Ubongo ndio unaouamuru ulimi useme. Kazi hiyo inahitaji chakula na hewa safi kila wakati. Damu ndiyo inayoleta chakula na hewa hiyo. Damu hupita katika mishipa, kama maji yanavyopita katika bomba.

Damu isipofika katika sehemu fulani ya ubongo, sehemu hiyo huanza kufa kwa dakika chache. Viungo vilivyokuwa vikiamrishwa na sehemu hiyo hupooza. Hicho ndicho kiharusi.

Kiharusi ni cha aina mbili. Katika aina ya kwanza, mshipa huziba na damu haipiti. Katika aina ya pili, mshipa hupasuka na damu huvuja ndani ya kichwa. Ukimtazama mgonjwa kwa macho tu huwezi kujua ni aina ipi. Hospitali kubwa hujua kwa kupiga picha ya kichwa kwa mashine maalumu.

2. Mshipa unazibaje?

Watu wengi wanaotumia maji ya chumvi wameona jambo hili. Ukichemsha maji hayo kila siku, birika hufanya ukoko mweupe kwa ndani. Huuoni ukiongezeka leo na kesho. Lakini baada ya muda birika limekuwa dogo ndani, ingawa kwa nje ni lile lile.

Mishipa yetu nayo hufanya ukoko. Ukoko huo ni wa mafuta yanayoitwa lehemu. Wengine huyaita kolesteroli. Lehemu si adui. Mwili unaihitaji, na ini lenyewe huitengeneza. Ubaya huanza inapozidi katika damu.

Lakini mshipa si birika. Mafuta hayabandiki juu ya ukuta wake tu, bali huingia ndani ya ukuta. Fikiri juu ya nyumba ya udongo iliyopigwa lipu. Maji yakiingia nyuma ya lipu, ukuta huvimba. Kwa miaka mingi unaona uvimbe tu. Kisha siku moja lipu hupasuka.

Ukuta wa mshipa ukipasuka hivyo, damu hudhani pana kidonda. Huganda pale pale ili kukiziba. Ile damu iliyoganda ndiyo inayoziba njia. Mara nyingine kipande hukatika, kikachukuliwa na damu mpaka kwenye mshipa mdogo wa ubongo. Hapo hukwama.

Jambo hilo likitokea katika mshipa wa ubongo, mtu hupata kiharusi. Likitokea katika mshipa wa moyo, hupata shambulio la moyo. Ugonjwa ni mmoja, mahali ni tofauti.

Kumbuka jambo moja kubwa. Miaka yote ambayo ukoko unaongezeka, mtu hasikii maumivu. Analima, anacheka, anakula vizuri. Ndiyo maana fundi alisema, "Mimi siumwi." Hakusema uongo. Lakini mishipa yake ilikuwa ikiziba kimya kimya.

3. Nani yumo hatarini?

Wengine husema kiharusi ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Tutazame nchi yetu. Kuanzia mwaka 2003 mpaka 2006, wataalamu waliwahesabu watu waliopata kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Kiharusi kilikuwa kingi zaidi mjini, karibu mara tatu. Lakini Hai vijijini nako watu walipatwa kila mwaka. Kwa hiyo mwanakijiji naye ajilinde.

Walio katika hatari zaidi ni hawa:

(a) Mwenye presha ya juu. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Huuumiza ukuta wa mshipa na kufungua njia ya mafuta kuingia. Tena huweza kuupasua mshipa.
(b) Mwenye lehemu nyingi katika damu.
(c) Mwenye kisukari.
(d) Anayevuta sigara au tumbaku.
(e) Mnene wa tumbo asiyefanya kazi ya mwili.
(f) Mwenye umri mkubwa, au ambaye mzazi wake alipata kiharusi.
(g) Aliyewahi kupata kiharusi. Huyu yumo katika hatari ya kupata kingine.

Mtu mwembamba asijidanganye. Ini la mtu mwembamba nalo linaweza kutengeneza lehemu nyingi. Huwezi kujua kwa kutazama kioo. Utajua kwa kupimwa damu. Presha nayo utaijua kwa kupimwa tu. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, ikapimwa siku nyingine ikawa vile vile, ni ya juu.

4. Dawa iliyotoka kwenye ukungu

Umewahi kuona ukungu wa rangi ya buluu na kijani juu ya chakula kilicholala? Dawa ya kupunguza lehemu ilianzia hapo.

Katika nchi ya Japani alikuwako mtaalamu aliyeitwa Akira Endo. Alizaliwa mwaka 1933 katika familia ya wakulima. Mwaka 1971 alianza kutafuta, katika aina za ukungu, kitu cha kulizuia ini lisitengeneze lehemu nyingi. Alipima ukungu mmoja, mwingine, na mwingine tena. Alipima aina zipatazo 6,000. Mwaka 1973 alikipata katika ukungu uliotoka kwenye mchele.

Kazi hiyo iliendelezwa na wataalamu wa nchi mbalimbali. Mwaka 1987 dawa ya kwanza ya jamii hiyo iliruhusiwa kuuzwa Marekani. Dawa za jamii hii huitwa statini. Mojawapo ni simvastatini, nyingine ni atorvastatini. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliiingiza simvastatini katika orodha yake ya dawa muhimu. Akira Endo alifariki mwaka 2024.

Statini hufanya kazi hivi. Inalipunguzia ini kazi ya kutengeneza lehemu. Ini likiona limepungukiwa, huchota lehemu iliyomo katika damu. Hivyo damu hubaki na mafuta machache. Ukoko hauongezeki kwa kasi. Ukuta wa mshipa nao hukaa imara, haupasuki upesi.

Angalia sana! Usile chakula chenye ukungu ukidhani ni dawa. Ukungu wa mahindi na karanga una sumu inayoharibu ini, na imekwisha kuua watu. Dawa ilitolewa katika ukungu kwa utaalamu, ikasafishwa, ikapimwa.

5. Dawa inasaidia kiasi gani?

Sasa tufanye hesabu. Chukua penseli.

Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mmoja mkubwa. Watu 4,731 walishiriki. Wote walikuwa wamekwisha pata kiharusi, au kiharusi kidogo cha onyo. Waligawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza, watu 2,365, walipewa atorvastatini. Kundi la pili, watu 2,366, walipewa vidonge visivyo na dawa. Walifuatwa kwa miaka ipatayo mitano.

Waliopata kiharusi tena:

Kundi lenye dawa: watu 265.
Kundi lisilo na dawa: watu 311.

Toa 265 katika 311. Jibu ni 46.

Watu 46 ni wengi. Ni baba na mama za watu. Lakini tuseme kweli: watu 265 walimeza dawa na bado walipata kiharusi. Dawa hupunguza hatari, haiiondoi yote. Mkulima akizungushia shamba uzio wa miiba, nguruwe wengi hurudi. Mmoja mmoja bado hupenya. Je, mkulima atasema uzio haufai, aung'oe? La. Atauongeza uimara, na kulinda kwa njia nyingine pia.

Njia hiyo nyingine ni kushusha presha. Presha ya juu ikishushwa kwa alama 10 tu, hatari ya kiharusi hupungua kama kwa robo. Kwa hiyo mtu akiandikiwa dawa ya presha na ya lehemu, asichague moja akaacha nyingine. Kila moja ina kazi yake.

6. Kumeza dawa kwa akili

(a) Dawa hii huandikwa na daktari. Usiinunue kwa kumwiga jirani. Kwa aliyepata kiharusi cha kuvuja damu, daktari hupima kwanza faida na hatari.
(b) Imeze kila siku kama ulivyoelekezwa. Ukiacha, ini hurudia kazi yake ya zamani, na katika majuma machache lehemu hupanda tena.
(c) Ukisikia maumivu makali ya misuli, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, rudi hospitali upesi. Hayo hutokea kwa wachache.
(d) Mama mjamzito, au anayenyonyesha, amweleze daktari kabla ya kumeza.
(e) Ukitumia dawa nyingine, hata za miti shamba, mwambie daktari. Usifiche.
(f) Dawa zikikaribia kwisha, fuata nyingine. Usingoje bahasha iwe tupu.
(g) Ukikosa fedha za dawa, usinyamaze kwa aibu. Mwambie mganga. Pengine ipo ya bei nafuu yenye kazi ile ile.

7. Kinga ya jikoni na ya nyumbani

Dawa si ruhusa ya kula ovyo. Na asiyehitaji dawa naye ajikinge.

Punguza chumvi. Kwa siku nzima, mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika chakula. Usiweke chumvi mezani.

Punguza samli, mafuta ya nyama na mawese. Tui la nazi nalo lisiwe la kila siku. Mafuta ya alizeti ni bora zaidi kwa mishipa, lakini nayo yatumike kidogo.

Kula maharage, kunde, choroko na dengu. Kula mboga za majani na matunda. Vyakula hivi husaidia kupunguza lehemu, na vingi tunalima wenyewe.

Acha sigara na tumbaku. Pombe nayo hupandisha presha. Tembea. Kama kazi yako ni ya kukaa, tafuta angalau nusu saa ya kutembea kwa haraka karibu kila siku.

8. Kiharusi kikipiga, fanya haraka

Jifunze dalili hizi mpaka uweze kuzisema bila kusoma:

USO: Mwambie acheke. Je, mdomo umekwenda upande mmoja?
MKONO: Mwambie ainue mikono yote miwili. Je, mmoja unaanguka?
MANENO: Mwambie ataje jina lake na la kijiji chake. Je, maneno yanakwama?
MUDA: Ukiona hata dalili moja, hakuna muda wa kupoteza. Tafuta gari.

Mlaze mgonjwa kwa ubavu. Usimpe uji, maji wala kidonge chochote. Koo lake huenda limepooza, akapaliwa. Hata dawa ya presha na aspirini asipewe nyumbani, maana hujui kama mshipa umeziba au umepasuka. Usimchanje chale. Usimchome sindano vidoleni.

Kumbuka saa dalili zilipoanza, kisha mwambie daktari. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, katika hospitali chache kubwa zenye mashine ya picha. Lakini hiyo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu dalili kuanza. Hata pasipo dawa hiyo, mgonjwa anayefika mapema hutunzwa vizuri zaidi.

Mara nyingine dalili hutoweka baada ya dakika chache. Watu hufurahi na kurudi nyumbani. Usirudi! Hicho ni kiharusi cha onyo. Kikubwa kinaweza kufuata siku chache zijazo. Nenda hospitali siku ile ile.

9. Turudi kwa fundi

Mwaka 1973 wananchi wengi wa Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo na kufyeka majani. Maradhi yale yalikuwa na mbu wa kumuua na maji machafu ya kuchemsha. Ugonjwa wa leo hauna mbu. Adui amejificha katika mishipa, na mwenyewe hamsikii. Kwa hiyo kinga yake ni ngumu zaidi. Inamtaka mtu ajitunze siku ambayo haumwi.

Fundi sasa anameza dawa zake kila siku. Mkewe humpa maji kila usiku kabla ya kulala. Ile bahasha ya zamani aliipata chini ya makuti wakati wa kuezeka upya. Hakuitupa. Aliipeleka kwenye darasa la kisomo, akaiweka mezani mbele ya wenzake. Ndani mlikuwa na vidonge 17.

Alisema, "Nilidhani nimeviweka akiba."

Maneno ya kujifunza

Kiharusi: ugonjwa wa ghafla wa ubongo kukosa damu, au damu kuvuja ndani ya kichwa.
Lehemu: mafuta yaliyomo katika damu, kolesteroli.
Presha: nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa, shinikizo la damu.
Statini: dawa za kupunguza lehemu.
Kupaliwa: chakula au maji kuingia njia ya hewa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini fundi aliacha dawa? Je, nawe umewahi kuacha dawa kwa sababu hiyo?
2. Majirani walifanya makosa gani? Yataje yote.
3. Katika uchunguzi wa mwaka 2006, ni watu wangapi wa makundi yote mawili waliopata kiharusi tena? Jumlisha.
4. Mtu akikwambia, "Fulani alimeza dawa na bado akapooza, basi dawa ni bure," utamjibu nini?
5. Kutoka kijijini kwenu mpaka hospitali ni saa ngapi? Usiku nani ana gari au pikipiki?

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo

Nenda zahanati upimwe presha. Andika namba zote mbili katika daftari lako, pamoja na tarehe. Nenda pamoja na mtu mmoja wa nyumbani kwako mwenye miaka 40 au zaidi. Kisha mfundishe maneno haya manne: uso, mkono, maneno, muda.